Mke wa Komanda: Tumweke Wapi?

Swali la mjadala huu ni moja. Mke wa afisa wa jeshi havai sare, hali kiapo na halipwi mshahara wa serikali. Siku mambo ya vita yanapoandikwa, ahesabiwe wapi?

Nimeuweka mjadala Nchelenge, ufukoni mwa ziwa Mweru upande wa Zambia, kwa sababu huku swali hili lina wenyewe. Ng'ambo ya maji upo mji wa Kilwa, Kongo. Kati yao kipo kisiwa cha Kilwa, jirani zaidi na Wakongomani, ambacho mpaka wa kikoloni ulikiacha Zambia. Kabla Waingereza hawajafika kisiwa kilishikwa na mfanyabiashara wa Kiswahili aliyejulikana kwa jina la Simba. Tangu hapo kila aliyetaka kulimiliki ziwa amekuja na watu wenye bunduki, na wenye bunduki ama wamekuja na wake zao ama wamejipatia wake hapahapa, kwa hiari au kwa nguvu.

Sauti nne zinazosema humu nimezitunga; asizitafute mtu sokoni Kashikishi. Mwalimu ni mstaafu wa somo la historia, Mlunda wa kwa mfalme Mwata Kazembe, aliyeishi Lubumbashi ujanani na kurudi na Kiswahili cha huko. Mama ni mzaliwa wa Kilwa ya Kongo, anauza chisense, yaani dagaa wa Mweru. Dereva ni Mtanzania wa malori ya samaki, mtoto wa kota za jeshi. Nesi alizaliwa Kongo, mtoto wa kapteni, akakulia kambi ya wakimbizi ya Kala, wilaya ya Kawambwa. Mimi nimejipa nafasi ya kuingilia ninapoona inafaa.

MWALIMU: Nianzie mbali, Iringa, kwa sababu huko yuko mke wa afisa aliyeacha maandishi mengi kuliko wenzake wote. Jina lake Magdalene von Massow, mzaliwa wa 1870, wa ukoo wa makabaila wa Prussia. Mwaka 1896 aliolewa na Tom Prince, afisa wa jeshi la Wajerumani, ambaye watu wa bara walimwita Bwana Sakarani. Mwaka uleule akaingia naye ndani ya nchi ambamo wanawake wa Kizungu walikuwa hawajulikani. Wajerumani walikuwa bado wana kidonda cha Lugalo, ambako tarehe 17 Agosti 1891 Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikiangamiza kikosi chao kilichoongozwa na Zelewski. Walikwisha kulipiza Oktoba 1894 kwa kuivunja ngome ya Kalenga, na Prince alikuwemo. Lakini Mkwawa mwenyewe hawakumpata. Kwa hiyo huyu bibi harusi alianza unyumba katika boma ambalo kazi yake ilikuwa kumsaka mtu mmoja.

NESI: Na yeye alikuwa anamsaka?

MWALIMU: Yeye alilima bustani, akafuga, akaendesha nyumba, akapokea wageni wa mumewe. Na akaandika. Kitabu chake kilitoka Berlin mwaka 1903, kikachapwa tena kabla ya vita vya 1914. Mwanahistoria wa vita vya Uhehe hawezi kukikwepa. Wajerumani waliokisoma waliona kwamba mwanamke wao anaweza kuishi Uhehe, akanywa chai na kulea watoto, na nchi ikaanza kuonekana kama mahali pa kuhamia. Bunduki ya mumewe iliwatisha Wahehe. Kalamu yake iliwatoa Wajerumani hofu.

NESI: Kupanda mboga na kuandika si kosa, Mwalimu.

MWALIMU: Subiri kwanza, binti. Desemba 1896 Prince alimsimika Mpangile, ndugu yake Mkwawa, awe mtawala wa Wahehe chini ya Wajerumani. Februari 1897, hata miezi mitatu haijatimia, Prince huyohuyo akamnyonga Mpangile kwa kumshuku kwamba anamsaidia ndugu yake kwa siri. Mwanamke huyu alikuwa ndani ya boma lile. Kichwa cha Mkwawa kilikuwa na bei ya rupia 5,000. Tarehe 19 Julai 1898 Mkwawa alijipiga risasi asikamatwe, Sajini Merkl akaukuta mwili, na kichwa kikaletwa Iringa bomani. Fuvu lake halikurudi Uhehe hadi Juni 1954, gavana Twining wa Tanganyika alipolikabidhi kwa mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi. Ninachouliza ni hiki: aliyekaa katika nyumba ambamo mambo hayo yaliamuliwa, akala mezani na walioyaamua, kisha akayaandika yasomwe kwao kama habari za nyumbani, tunamwita mtazamaji?

DEREVA: Mzee wangu, mimi sijasoma hicho kitabu, ila hilo jina Lugalo limenilea. Kambi yetu Dar es Salaam iliitwa Colito enzi za Tanganyika Rifles. Ndiko maasi ya askari ya tarehe 20 Januari 1964 yalikoanzia. Baadaye ikaitwa Lugalo kwa heshima ya ushindi wa Mkwawa. Sasa nikwambie mke wa afisa anavyoonekana kutoka kota za askari wa kawaida. Mumewe akiwa kapteni, yeye ni Mama Kapteni. Mume akipanda kuwa meja, asubuhi yake ni Mama Meja, wala hakuna aliyetangaza. Maji yakikatika na bomba likawa moja, foleni inajipanga yenyewe: ndoo ya Mama Meja inafika mbele bila yeye kuifikisha.

MWANDISHI: Inafikishwa na nani?

DEREVA: Na sisi. Mama yangu mzazi aliisogeza. Kulikuwa na askari amepangiwa kumhudumia afisa mmoja jirani yetu. Kazi yake kwa maandishi ilikuwa sare na viatu vya mkubwa wake. Lakini nilikuwa nikipita dirishani kwao jioni namkuta na pasi ya mkaa, sare ya bwana imekwisha, sasa anapiga pasi sketi za shule za watoto watatu, marinda moja moja, anayapima kwa kidole. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake. Hakuna amri ya jeshi iliyosema marinda. Bibi wa nyumba alisema tu, "Baba fulani, na hizi." Angekataa angekosea kifungu gani? Hakuna. Lakini likizo yake ingechelewa, au angeamkia kwenye orodha ya wanaopelekwa mpakani, na hakuna ambaye angejua imetoka wapi.

MWALIMU: Umelisema vizuri kuliko mimi.

DEREVA: Bado, Mzee. Mama huyohuyo, mtoto wa koplo akiugua usiku, ndiye aliyegongewa mlango. Gari la mume wake lilitoka kwa neno lake, si kwa neno la zamu. Watoto wawili watatu wa kota ile wako hai kwa sababu hiyo. Kwa hiyo mkisema tumhukumu, mimi nauliza: kwa pasi au kwa gari?

Hapa niingilie. Mfano wa Dereva unafika mbali kuliko alivyokusudia, maana pasi na gari vilitoka mfuko mmoja: neno la mtu asiye na cheo lililotiiwa kama lina cheo. Majeshi yanalijua jambo hili na mengine yamelipa mpangilio. Kenya upo umoja wa wake wa wanajeshi, na kwa kawaida mke wa mkuu wa majeshi ndiye hukaa kiti cha mbele. Husaidia wajane na mayatima, jambo jema. Lakini uongozi wake unafuata ngazi ambayo wanachama hawakuipanda wao, na siku mume anastaafu, kiti kinahama. Sijui shirika jingine la hisani lenye utaratibu kama huo isipokuwa yale ya wake wa marais.

MAMA: Mmemaliza habari za wakubwa? Sasa mnisikilize mimi wa Kilwa. Papa Mwalimu, wewe umesoma vita, mimi nimevikimbia. Oktoba 2004 kikundi kidogo cha watu wenye silaha, cha Alain Kazadi, kiliingia Kilwa usiku na kusema mji ni wao. Siku mbili hazikupita, tarehe 15, jeshi la serikali likaja, brigedi ya 62 ya Kanali Ilunga Ademar. Waliokuwa na pirogi, yaani mitumbwi, walikwisha kuvuka kuja huku Nchelenge au kujificha visiwani. Waliobaki, zaidi ya 70 walikufa, wengi kwa kupigwa risasi bila kesi. Magari ya kampuni ya Anvil, iliyochimba shaba na fedha Dikulushi, yalibeba wanajeshi. Juni 2007 mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi ikasema kuhusu hayo mauaji hakuna mwenye hatia.

DEREVA: Hata mmoja?

MAMA: Kwa mauaji ya Kilwa, hata mmoja. Baadaye sana Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ikaamua serikali ilipe waathirika dola milioni 2 na nusu. Sasa sikiliza jambo moja ambalo hakuna hakimu aliyeliuliza. Basoda, yaani wanajeshi, walibeba vitu. Baiskeli, redio, cherehani, magodoro, sufuria hadi mifuniko. Soda hawezi kupigana na cherehani mgongoni. Cherehani inakwenda nyumbani. Nyumbani kuna mtu anaipokea, anaipangusa, anaweka uzi. Huyo mtu ana jina, na anajua hakuinunua.

NESI: Mama, unajua kuwa unamsema mama yangu.

MAMA: Sikumtaja mtu, binti yangu.

NESI: Hukumtaja, ndiyo. Lakini nimelelewa na mke wa kapteni, basi niseme nilichokiona. Desemba 2000 Pweto ilipoangukia mikononi mwa waasi na Warwanda, wanajeshi wa Rais Kabila walivuka Zambia kwa maelfu pamoja na raia. Wazambia wakawanyang'anya silaha, wakawatenga na raia, wakawarudisha Kongo kwa njia nyingine. Baba yangu alikuwa miongoni mwao. Sisi tulipelekwa Kala. Pweto mama yangu alikuwa Mama Kapteni: wanawake wenye mizigo walikuwa wakimpitia kwanza, anazungumza na watu wa bariyeri, kizuizi cha barabarani, mizigo inapita, na yeye anabakiwa na chochote. Nilikuja kuyajua hayo Kala, kwenye foleni ya unga. Nyuma yetu alisimama mwanamke mmoja wa Pweto mwenye kikombe cha kupimia. Akasema, wala hakupaza sauti, "Mama Kapteni, leo unapita kwa nani?" Watu wakacheka. Mama yangu akatazama mbele. Tulisimama hapo mpaka jua likageuka, na nadhani hakunywa hata maji.

MAMA: Alikuwa mwekundu hivi, mrefu?

NESI: Usiniulize, Mama.

MAMA: Basi. Naacha.

NESI: Ninachotaka kusema ni kwamba cheo chake kilizama siku moja, kabla hata mtumbwi haujagusa mchanga wa Zambia. Cheo cha baba hakikuzama. Alirudi Lubumbashi akapewa kikosi kingine, na baada ya muda akawa na mke mwingine. Mwalimu anamtaja yule Mjerumani kana kwamba wote wako kama yeye. Mke wa afisa ni mtu anayeishi ndani ya mkono wa mwanamume mwenye bunduki. Mkono ukifunguka, anaanguka. Tazameni Uganda. Machi 1974 Idi Amin aliwataliki wake zake watatu kwa mpigo, Malyamu, Kay na Nora, na nchi nzima ikasikia redioni. Malyamu aliishi naye tangu Amin hajawa kitu. Kaka yake, Wanume Kibedi, alikuwa waziri wa mambo ya nje, kisha akakimbia nchi. Mwezi baada ya talaka Malyamu akakamatwa Tororo, ati anavusha kitambaa kwa magendo kwenda Kenya. Kay, mwanamke aliyesoma Makerere, binti wa mchungaji, Agosti mwaka huohuo maiti yake ilikutwa kwenye buti la gari, imekatwa vipande. Hao ndio wenye ushawishi mnaotaka kuwaweka kizimbani?

DEREVA: Lakini mwaka uliofuata alioa tena.

NESI: Sarah Kyolaba, 1975, wakati wakuu wa Afrika wamekusanyika Kampala kwa mkutano wa OAU. Binti wa bendi ya jeshi. Msimamizi wa bwana harusi akawa Yasser Arafat. Alimaliza maisha yake London mwaka 2015, baada ya kuhangaika na biashara ndogondogo za chakula na saluni. Niambieni yeye aliamua nini katika Uganda ile.

MWALIMU: Binti, hoja yako nzito, wala siipuuzi. Lakini umechagua wake wa mtu mmoja, tena mtu aliyekuwa hatari hata kwa mawaziri wake. Ukiweka kipimo chako kwa Amin, hakuna aliyewahi kuwa na hatia Uganda ile, kwa sababu wote walimwogopa.

NESI: Na wewe umechagua mwanamke mmoja mwenye jina la kikabaila na mchapishaji Berlin. Katika boma lileile la Iringa walikuwamo wanawake wangapi wengine?

MWALIMU: Wengi.

NESI: Wake za nani?

MWALIMU: Za maaskari. Hapo umenishika. Majeshi yale yalitembea na familia. Katika vita vya Uhehe wanawake waliotekwa waligawiwa maaskari, na baada ya muda mfupi waliitwa wake zao. Tena mkumbuke kwamba jambo hili lilifika hadi huku kwetu. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alijisalimisha Abercorn, siku hizi Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, na nyuma ya maaskari wake wapatao 1,100 walikuwapo wapagazi, wanawake na watoto waliotembea naye kutoka Tanganyika kupitia Msumbiji. Wako waliozaa njiani. Wazee wa Luapula waliobebeshwa mizigo na upande wa Waingereza, wale tenga-tenga, angalau wana minara. Wanawake wale hawana.

Hapa mjadala ungeweza kufa kwa kila upande kuvuta waathirika wake. Mwalimu ana Mpangile, Mama ana Kilwa, Nesi ana Kay na wale mateka wa Uhehe. Sidhani wanapingana. Wanatumia jina moja, mke wa askari, kwa watu ambao hawafanani hata kidogo. Mateka wa Kihehe aliyepewa askari kama mgao hana cha kujibu. Magdalene aliolewa kwa hiari yake, akaja kwa hiari, akaandika kwa hiari, na mumewe alipoacha jeshi mwaka 1900 wakafungua shamba Usambara, kwenye ardhi ambayo vita vya akina Prince ndivyo vilivyoifanya ipatikane. Shamba waliliita Sakarani, jina la vita la bwana mwenyewe. Leo ni mahali pa watawa Wabenedikto, na wapita njia wa Soni hununua mvinyo wake. Prince aliuawa Tanga tarehe 4 Novemba 1914, siku Wajerumani waliposhinda. Mkewe akabaki mjane. Namwonea huruma mjane. Lakini ujane haumwondoi katika Iringa ya 1897.

MAMA: Mwandishi, sasa wewe umekuwa hakimu.

MWANDISHI: Nipe kesi ngumu basi.

MAMA: Nitakupa. Usiku fulani wa vita, mwaka sisemi, mke wa soda mmoja alipita nyumba kwa nyumba mtaani kwetu. Aligonga ukuta, hakugonga mlango. Alisema, "Mama, kesho msilale hapa." Basi. Hakusema kwa nini, wala sisi hatukuuliza. Tulilala ziwani, juu ya mafungu ya matete, mbu wametumaliza. Waliolala nyumbani hawakuamka. Na mwezi mmoja baadaye mwanamke huyohuyo nilimwona amevaa kitenge cha jirani yangu aliyekufa. Nakijua, nilikuwa naye siku anakinunua Kasenga. Mpimie huyo.

DEREVA: Uliongea naye?

MAMA: Nilimsalimu. Nilimshukuru kwa ule usiku. Kuhusu kitenge sikusema kitu. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri.

MWALIMU: Bamayo, ningekuwa mimi nisingesema pia. Lakini ningeandika yote mawili.

Mwalimu amelisema kwa heshima ya Kibemba, na ndani yake kuna jibu nililokuwa nalitafuta. Kosa letu tunapomjadili mke wa afisa ni kutaka hesabu moja ya jumla: ni mwema au mwovu, ana nguvu au hana. Mume wake hatumpimi hivyo. Mahakama ikimshtaki kanali huuliza: siku hiyo alitoa amri gani, kwa nani, saa ngapi? Mkewe anastahili swali lilelile: kwa mkono wake mwenyewe alifanya nini? Aligonga ukuta, iandikwe. Alivaa kitenge, iandikwe. Alipitisha mizigo kwa malipo. Iandikwe, na iandikwe pia kwamba siku ya foleni alisimama juani na mtoto. Kile alichokifanya mume bila yeye kujua wala kuweza kukizuia, asitwishwe. Na kile alichokifanya yeye, asifichiwe nyuma ya mgongo wa mume.

NESI: Kwa kipimo hicho mama yangu anatoka na deni.

MWANDISHI: Dogo. Tena anatoka na jina lake, si la kapteni.

NESI: Hilo angelipenda.

MWALIMU: Niongeze mfano mmoja wa nyumbani, maana vijana wanadhani mwanamke huku alikuwa wa kutazama tu. Mwaka 1899 Mwingereza Alfred Sharpe alimtuma Robert Codrington na maafisa wa Kiingereza na askari wa Kisingasinga na wa Nyasaland dhidi ya Mwata Kazembe wa Kumi, Kanyembo. Mji ulichomwa, watu wakauawa. Mwata akavuka Luapula, akapata hifadhi kwenye misheni ya maporomoko ya Johnston, yaani Mambilima. Kilichofuata hakikuwa vita vingine. Mwanamke wa pale misheni, anayetajwa kwenye kumbukumbu kwa jina la Bibi Anderson tu, alifunga safari kwa miguu pamoja na Mwata hadi kwa Waingereza, na Mwata akarudishiwa nchi yake. Hakuwa mke wa afisa. Hakuwa na cheo cha kuazima hata nusu. Alikuwa na miguu na rangi yake, na alijua Mwingereza hatampiga risasi mwanamke Mzungu.

DEREVA: Kwa hiyo na yeye aliazima.

MWALIMU: Aliazima rangi. Ndiyo. Na kila Julai tunapocheza ngoma ya Mutomboko pale Mwansabombwe, kiti cha Mwata kipo, na safari ile imo ndani ya historia ya kuwepo kwake. Wangapi kati ya wanaocheza wanalijua jina la Anderson?

MAMA: Mimi nilikuwa silijui.

DEREVA: Nami nirudi kwenye pasi yangu. Yule askari wa marinda alistaafu. Mama Meja naye ni mjane sasa, ametolewa kota kama wajane wote, anauza maji baridi kwenye kibanda barabara ya Bagamoyo. Siku moja nilimkuta yule mzee amekaa kwenye benchi lake, anakunywa maji, wanazungumza kama ndugu. Sikuelewa.

NESI: Kipi hukuelewa?

DEREVA: Nilidhani atakuwa na kinyongo.

MAMA: Kinyongo anacho, mwanangu. Na kiu pia anayo.

Nilitaka kumpinga Mama hapo, nikaona sina la kumpinga. Lakini kuna jambo ambalo wote wanne wamelizunguka bila kulitaja, nami nalitaja waziwazi. Tunayajua ya Magdalene kwa sababu aliandika mwenyewe. Ya mateka aliyefua nguo za askari bomani Iringa tunayajua kwa jumla tu, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Wako wanaosema watu wa chini hawaachi kumbukumbu, ndivyo ilivyo dunia. Mwambao huuhuu unawasuta. Mwaka 1916 ilichapwa huko Uingereza simulizi ya Bwanikwa, mwanamke wa Kiluba aliyeuzwa utumwani mara kumi katika nchi hizi za Luapula na Katanga, kisha akawa huru. Iliandikwa na mmisionari Dugald Campbell, ambaye alikaa naye akamsikiliza. Bwanikwa hakuwa na mume kanali wala baba kabaila. Alikuwa na mtu mmoja aliyemuuliza.

Walio Nchelenge leo hawahitaji kungoja mmisionari. Tangu Januari 2018 yapo makazi ya wakimbizi ya Mantapala, wilayani hapahapa, yaliyojaa watu waliokimbia vita vya Pweto na Manono. Wamo wanawake waliokuwa wake wa wanajeshi, wengine wa maafisa, wengine hawataki kusema walikuwa nani, na pembeni yao wanaishi waliokuwa wakiwalipa kodi ya barabarani. Kala nayo ilipofungwa watu wake walitawanyika; wengine bado wapo Kawambwa na Kashikishi, nywele zimeota mvi. Walimu wa historia wa Luapula, wanafunzi wenye simu zinazorekodi, wanawe walio kama Nesi: waulizeni sasa, kwa Kiswahili au Kibemba, kwa upole na kwa ruhusa yao. Msianze na swali la mume alikuwa na cheo gani. Waulizeni walipika nini, walimfungulia nani mlango, walipokea nini, walikataa nini. Andikeni na majibu yanayowakera.